Nani Anafunika Vipara?

Watu wengine wakiibiwa hulia, wengine hupiga simu polisi. Noreen Rimmer akiibiwa hukaa kimya na kuanza kuwapitisha majirani kichwani, mmoja baada ya mwingine. Ndivyo alivyoumbwa, na kazi yake ya kutengeneza nywele ilimzidishia ugonjwa huo. Ukisimama miaka mingi nyuma ya vichwa vya wanawake wa Hawsby, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, mkasi mkononi, utasikia nani kamkimbia nani na nani kamhamisha paka wa mwenziwe, mpaka mwisho hata anayekusalimia kwa adabu unamtazama mara mbili.

Basi alipokikuta kipara cha kwanza kimefunikwa, katika wiki ya pili ya Mei, hakusema labda ni upepo. Alisimama juu ya tuta, akashika kiuno, akasema peke yake, "Nani huyu?"

Vipara hivyo walikuwa wamevichimba wenyewe mwezi Machi, yeye na wenzake wawili waliopewa ufunguo wa geti la matuta, kwenye mteremko unaotazama kusini nyuma ya misonobari. Waling'oa majani kwa majembe mpaka migongo ikalia, wakaacha mchanga mtupu ulale juani kwa ajili ya mijusi wa mchanga. Jina la vipara alilitoa Noreen, na lingetoka kwa nani mwingine? Mjusi wa mchanga hataki makuu. Jike akishiba mimba hutafuta mchanga ulio uchi, hufukua, hutaga, hufukia, na kazi ya ulezi huliachia jua. Penye majani mchanga hupoa na mayai huozea humo humo.

Zamani mijusi hao walijaa pwani yote ile. Waliokuwa mteremkoni sasa ni wachache walioletwa kwenye visanduku miaka mitatu nyuma, na viangazi viwili vilikuwa vimepita bila kuonekana mtoto hata mmoja. Mama mmoja wa idara ya wanyamapori alikuja na buti zake safi, akatazama, akasema bila kupepesa macho kwamba kiangazi hiki nacho kikipita bure, mijusi watakamatwa wote wapelekwe Wales, kwenye mchanga wa kweli. Noreen aliipokea kauli hiyo kama tusi kwa ukoo wake. Aliwapenda wale viumbe, hasa madume, ambao Aprili mbavu zao hugeuka kijani wakatulia juu ya kigogo kana kwamba wamelipia kiti. Wales hawaendi, alisema, labda wamchukue na yeye.

Na kipara kile hakikufunikwa na upepo. Kilikuwa kimepandwa majani ya nyota, yale majani makali ya matutani yanayokata vidole, tena kwa safu zilizonyooka. Hiyo ilikuwa kazi ya mkono wa mtu, na mtu mwenye nafasi zake.

"Mie sisemi kitu," alisema Pauline, katika chumba cha nyuma cha saluni, huku akisema. Pauline alikuwa karani wa shule, shoga yake Noreen tangu utotoni na mmoja wa wale watatu. "Ila jiulize, shoga, nani anajua mahali penyewe? Mimi, wewe, na yule wa Birmingham."

"Desmond?"

"Mimi sijataja jina, umetaja wewe. Lakini mtu gani anakaa mahali miaka miwili hana ugomvi na mtu? Kimya kingi kina mshindo mkubwa."

"Atapata faida gani?"

Pauline akainamisha kichwa, akashusha sauti ingawa chumbani hamkuwa na mtu ila mashine ya kukaushia nywele. "Ana karavani Wales."

Noreen akaweka kikombe chini. Karavani Wales, nyumba ya magurudumu ya kupumzikia likizo, kila mtu pwani ile anayo, au anayo shemeji yake. Lakini siku ile neno hilo lilimwingia likakaa.

Mjini hapo wao watatu ndio tu waliojua mahali pale. Noreen alikuwa amesikia habari za kijiji kingine, ambako bwana mmoja alijigamba mtandaoni kwamba ana mijusi adimu nyuma ya nyumba. Wiki haikuisha, wageni walikuja na mitungi ya jamu wakawazoa. Kwa hiyo aliwaapisha wenzake kwenye meza ya Pauline, mbele ya birika la chai, kwamba siri hii haambiwi mtu: si mume, si mtoto, si mzazi. Aliposema mzazi alikuwa na mtu wake kichwani. Baba yake, mzee Wilf Aindow, aliyekuwa akiishi naye tangu afiwe na mkewe, ukimwambia jambo Jumatatu, Jumanne hata waokota mipira ya gofu wanalo. Kila baada ya chakula cha mchana huvaa kofia na kwenda klabu kucheza domino na wenzake, na Noreen alilijua domino la Hawsby: kete moja, umbea mmoja.

Akaanza kuvizia. Aliamka mapema akapita njia ya misonobari kabla ya kufungua saluni, na asubuhi ya tatu akakutana na Desmond Purcell uso kwa uso, akishuka kutoka mteremkoni. Alikuwa mtu mrefu, mstaafu wa reli, mwenye nyusi nene. Magoti ya suruali yake yalikuwa meupe kwa mchanga.

"Umeamka mapema, Bwana Desmond."

"Natembea tu."

"Unatembea kwa magoti?"

Desmond akajitazama, akajipangusa kidogo, akatabasamu tabasamu la mtu aliyekamatwa na kidole kwenye bakuli la sukari. "Niliinama kutazama kitu," alisema, akaenda zake. Noreen alimfuata kwa mbali mpaka kwenye gari. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na gunia wazi, na ndani ya gunia majani ya nyota, mabichi, na mizizi yake.

Moyo ulimpiga kwa hasira na, tuseme kweli, kwa raha kidogo. Mtu mwenye shaka akipata ushahidi hujisikia kama amepata mshahara. Hakujiuliza majani yale yalikuwa yakienda au yakitoka.

Jioni hiyo wakakutana kwa Pauline. Keki ilikuwa mezani lakini hakuna aliyeikata.

"Bwana Desmond," Noreen akaanza, "vipara vitatu sasa vimepandwa majani. Sisi hapa tuko watatu. Mimi sikupanda. Pauline tangu Machi mgongo wake hata soksi haumruhusu kuvaa."

"Haswa," alisema Pauline.

Desmond akawatazama, mmoja na mwingine. "Noreen, naomba tuzungumze pembeni. Dakika moja tu."

"Hapa hapa."

"Ingekuwa vizuri pembeni."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Pauline akadakia, akiitazama keki.

"Hatuna siri hapa," alisema Noreen. "Nimeona gunia garini mwako. Nimeona magoti yako. Kama unataka mijusi wahamie kwenye karavani yako, sema, tujue moja."

Desmond alicheka kidogo, kicheko kikavu, kisha akaona hawatanii. Akamtazama Pauline kwa muda mrefu.

"Basi," alisema.

"Basi nini?"

"Basi kama hivyo." Akatoa ufunguo wa geti la matuta mfukoni, akauweka kando ya sahani, akatoka. Chai yake aliiacha imejaa, haijaguswa. Kwa watu wa Hawsby hilo ni zaidi ya kubamiza mlango, na Noreen alilala na picha ya kile kikombe ingawa alijiambia amefanya haki.

Kama alikuwa amefanya haki, mambo yangetulia. Yaliharibika. Ndani ya wiki moja baada ya Desmond kuondoka, vipara vyote, hata vile vya juu kabisa, vilikuwa vimepandwa. Noreen alikaa kwenye nyasi akatazama jike mmoja, tumbo limejaa mpaka linaburuta, akihangaika kati ya safu zile. Alifukua hapa akaacha, akafukua pale akaacha. Mwezi Juni ulikuwa mlangoni. Jike yule hangeweza kusubiri wanadamu wamalize kesi zao.

"Analipiza kisasi," alisema Pauline.

"Nitamshika kwa mkono wangu," alisema Noreen.

Jumatano alifunga saluni mchana, akamwahirisha mke wa kasisi na rangi yake ya nywele, jambo ambalo halijawahi kutokea, akajificha kwenye vichaka vya misonobari juu ya mteremko. Jua lilikuwa kali. Alingoja akipanga maneno, na mengine hayafai kuandikwa. Mara akasikia mtu anaimba chini chini wimbo wa kanisani, taratibu, kama mtu aliye kazini na kazi inamkubali.

Mtu akatokea na ndoo. Akapiga goti kwa shida, moja kisha la pili. Akachoma tundu kwa kijiti, akatia shina la jani, akalishindilia kwa kiganja, akasogea kipimo cha mkono mmoja, akachoma tena. Alivaa kofia ambayo Noreen aliijua. Noreen hakuamini macho yake mpaka yule mtu alipokohoa.

"Baba!"

Mzee Wilf alishtuka akaficha kijiti mgongoni kama mtoto. "Noreen? We si uko saluni?"

"Na wewe si uko klabu?"

Wakatazamana.

"Sasa nisikilize kabla hujapandisha," alisema mzee. "Kuna washenzi wanachimba hapa. Nimeona tangu Aprili. Wameng'oa majani yote, mchanga uko uchi! Unajua upepo wa Novemba ukikuta mchanga uko uchi? Unauhamishia jikoni kwa watu. Bibi yangu alizaliwa katika nyumba ambayo leo iko chini ya tuta lile pale. Baba yangu mshahara wake ulikuwa wa kuchunga haya majani. Mtoto akichuma moja, fimbo. Na sisi shuleni tulitolewa darasani, wote, tukapande."

"Najua, baba."

"Nikasema, mwanangu ndiye mwenye ufunguo wa geti hili. Wakubwa wakiona uharibifu huu watamsema yeye. Nikaona nirekebishe kimyakimya, usipate aibu." Akajifuta jasho, na sasa alikuwa ameanza kuchangamka. "Tena kumbe kuna mwizi! Napanda leo, kesho nakuta yameng'olewa, na mizizi yake, safi kabisa. Napanda, anang'oa. Napanda, anang'oa. Lakini wiki hii kaniachia uwanja. Nimemchosha!"

Akacheka. Alikuwa na furaha ambayo Noreen hakuwa ameiona tangu mazishi ya mama yake.

Noreen aliketi mchangani. Magoti meupe, gunia la majani yenye mizizi, dakika moja pembeni: kila kitu kiligeuka upande wa pili mbele ya macho yake, na kila upande ulimtukana yeye. Alitaka kumwambia baba yake pale pale. Akasema tu, "Twende nyumbani, baba. Jua kali."

Jioni alipiga hodi kwa Desmond. Desmond alifungua mlango akasimama mlangoni, hakusema karibu.

"Ulikuwa unajua," alisema Noreen.

"Nilimwona mara ya kwanza alipopanda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuomba dakika moja pembeni."

"Ungesema tu!"

"Mbele ya Pauline?" Desmond akainua zile nyusi zake. "Ningesema kwamba anayeua mijusi ni baba yako, na Pauline akiwa amekaa pale na keki? Kufika saa ya kulala mji mzima ungekuwa unalo."

Noreen alimpenda Pauline, lakini alimjua.

"Basi ungemwambia yeye mwenyewe. Mzee hana ubaya."

"Uliniapisha, Noreen. Si mume, si mtoto, si mzazi. Nikaona kazi nyepesi ni kung'oa." Akanyoosha mikono. Vidole vyote vilikuwa vimechanikachanika, vingine vimefungwa plasta. "Si nyepesi, kumbe. Anapanda kama anashona."

Kuomba radhi ni kazi ambayo Noreen alikuwa hajaizoea, na alijisikia anavuta ndoo kutoka kisima kirefu. "Nilikukosea," alisema. "Nilikutukana mbele ya mtu, na mbele ya mtu huyo huyo nitakuomba radhi. Nina haya, Desmond. Nina haya sana."

"Nimesikia." Hakusema si kitu, wala hakusema yameisha. "Mimi nitakuja kesho, kwa sababu ya mijusi. Lakini umwambie mzee kwanza. Sitaki tena kung'oa kazi ya mtu nyuma ya mgongo wake."

Kesho yake mchana Noreen alimchukua baba yake mpaka mteremkoni, naye mzee alikuja na ndoo yake, akidhani sasa wamekuwa wawili. Desmond alikuwa ameshafika, amekaa kando, mbali kidogo.

"Yule nani?" mzee akauliza kwa jicho kali.

"Nitakuambia. Piga goti kwanza, baba. Tazama hapa."

Kati ya safu alizozipanda mzee kulikuwa na vishimo vidogo, vingi, vyenye upana wa kidole gumba. Kila kimoja kiliingia ndani kidogo kikaishia kwenye mzizi. Na juu kidogo, mkia wa kahawia ulikuwa ukitikisika, mchanga ukirushwa nyuma. Jike akafukua, akagota, akatoka. Akakaa akihema.

Noreen akamwambia yote. Wales, jua, mayai, nani aliyechimba vipara na kwa nini. Mzee alisikiliza bila kuuliza kitu, na kwa Wilf Aindow hilo lilikuwa jambo la kutisha.

"Kwa hiyo mshenzi aliyechimba ni wewe," alisema hatimaye.

"Ni mimi."

"Na aliyekuwa akiwafungia mlango hawa ni mimi."

"Hukujua, baba."

"Sikujua kwa sababu gani?" Sauti ilipanda. "Miaka mitatu, Noreen. Tunakula meza moja. Pauline anajua? Pauline! Na huyu bwana anajua. Mimi nimezaliwa kwenye mchanga huu, sijui."

Noreen angeweza kudanganya. Alikuwa amechoka. "Niliogopa ungeropoka klabuni."

"Klabuni."

"Kwenye domino."

Mzee alimtazama kana kwamba amesema jambo kwa lugha ngeni. "Ningeropoka kwa nani, mwanangu? Harold nilimzika Februari, ulinifunga tai mwenyewe. Stan mwaka jana. Jimmy Ball yuko wodini, hata jina lake halijui. Klabuni siku hizi pana televisheni na binti anayeuza bia, naye hutazama simu yake. Wote niliokuwa nawaambia mambo wamekufa."

"Lakini kila siku unaaga unakwenda klabu."

"Nikuage nakwenda wapi?"

Desmond alikuwa amesimama. Alitaka kusogea, akasita, akabaki pale pale. Noreen alisikia aibu imempanda mpaka masikioni, na safari hii haikuwa kwa ajili ya Desmond. Wiki zote hizo alikuwa akimchunguza kila mtu mjini, isipokuwa huyu anayemkatia mkate asubuhi.

Mzee Wilf aliligeukia jani lililokuwa karibu naye. Alilikamata chini kabisa, kwenye shina. Mkono ukabaki hapo. Tangu utoto wake ameyapanda majani hayo, ameyahimiza, amewapigia kelele watoto wa watu kwa ajili yake, na hakuwahi kung'oa hata moja asilipande tena. Akaliachia. Akalishika tena. Akavuta, na jani likatoka na mzizi wake mrefu mweupe. Akalitia ndani ya ndoo taratibu, kama mtu anayelaza kitu kilicho hai.

"Wewe bwana," alimwita Desmond bila kuinua kichwa. "Wewe ndiye mwizi wangu?"

"Ndimi, mzee."

"Basi usisimame kama mnara wa kanisa. Njoo, safu ya juu ile ni ndefu, na huyu mama hapa hana siku nyingi kabla ya kutaga."

Desmond akaja akapiga magoti. Noreen akapiga magoti upande wa pili wa safu akaanza kung'oa, na majani yakamkata vidole, naye hakuacha.